Kwa nini jiwe la Kipande House linageuka uji wa kijivu nikilihariri kuwa nyeusi na nyeupe?

#1 Jicho la Kaloleni (mleta uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumapili asubuhi kabla magari hayajajaa, nimekuwa nikizunguka katikati ya jiji la Nairobi nikipiga picha majengo ya kale: Kipande House kwenye Barabara ya Kenyatta, maktaba ya McMillan, Msikiti wa Jamia, na ile ofisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa ambayo leo ni Nairobi Gallery. Nikirudi nyumbani nazihariri ziwe nyeusi na nyeupe kwa darktable, ambayo ni programu ya bure, kwenye kompyuta yangu iliyochoka.

Anga inanitii, miti inanitii, lakini jiwe linakataa. Ukuta ambao ukiusogelea unaona alama za patasi zenye upana wa kidole, kwenye picha yangu unatoka kama uji uliopoa, kijivu kimoja kuanzia msingi hadi paa. Halafu nikitazama picha za zamani za majengo hayo hayo, zilizopigwa na watu ambao hawakuwahi kuona kompyuta, kila jiwe limesimama peke yake na ungeweza kuyahesabu. Walikuwa na nini ambacho mimi sina? Nimeambatisha faili mbili za Kipande House, moja yenye rangi na moja isiyo na rangi.

#2 Msafisha Picha

Karibu, ndugu. Nimezifungua faili zako, na nashuku umebofya kile kitufe cha kuondoa rangi ukaridhika. Kitufe hicho hakina macho. Kwa kawaida programu huchukua takriban asilimia 30 ya chaneli nyekundu (yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga mwekundu), asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya buluu, kisha hujumlisha. Uwiano huo uliwekwa kwa ajili ya televisheni, ukifuata jinsi jicho la binadamu linavyopokea mwanga, na aliyeupanga hakuwa akifikiria ukuta wako.

Fungua moduli ya kuchanganya chaneli, uongeze nyekundu hadi ifike asilimia 80 au 90, kisha upunguze buluu mpaka iwe chini ya sifuri kidogo. Ni sawa na kuweka kichujio chekundu mbele ya lenzi enzi za filamu. Anga itatiwa giza, vigae vitang'aa, na jengo litasimama.

#3 Jicho la Kaloleni

Asante, lakini hayo nimeyafanya tangu wiki ya kwanza. Anga ilikuwa nyeusi kama chungu cha maharagwe, mawingu yakasimama kama pamba, na jirani yangu akanisifu. Jiwe halikusogea hata hatua moja. Zaidi ya hayo, kando ya paa palitokea mstari mweupe, kana kwamba mtu amelizungushia jengo chaki.

#4 Mwalimu wa Fizikia

Mleta uzi amejijibu bila kujua. Jiwe la kijivu ni la kijivu kwa sababu linarudisha nyekundu, kijani na buluu kwa kiasi kinachokaribiana. Ukichukua asilimia 90 ya nyekundu au asilimia 90 ya buluu, unapata kitu kile kile. Kuchanganya chaneli kunaweza kutenganisha vitu vyenye rangi tofauti, kama vile anga na kigae, au mti wa jakaranda na ukuta ulio nyuma yake, lakini hakuwezi kutenganisha jiwe na jiwe mwenzake wakati yote mawili ni ya kijivu. Hapo umekuwa ukitwanga maji kwenye kinu.

Kuhusu ule mstari mweupe, faili yako ni JPEG. Kwa kawaida aina hiyo ya faili huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko inavyohifadhi mwanga, kwa hiyo kwenye mpaka wa paa na anga rangi ya buluu inavujia upande wa pili. Ukiigandamiza buluu, uvujaji huo unaonekana. Piga kwa faili ghafi, yaani RAW, ambayo kamera haijaibana. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na ukianza kuvuta na kubana utaiona tofauti hiyo kwa macho.

#5 Fundi wa Mawe

Mimi si mpiga picha, ila nimechonga mawe tangu ujana wangu na nimefanya ukarabati wa kuta kadhaa za zamani hapa jijini, kwa hiyo niruhusuni niseme kwamba mnatafuta kosa kwenye kamera wakati kosa liko ukutani. Picha hizo za zamani zilipigwa jiwe likiwa bado jipya. Jiwe lililotoka mkononi mwa mwashi lina ukingo mkali, na uso wake una mashimo madogo ya nyundo yanayoshika kivuli. Ukiliacha zaidi ya miaka 80 kwenye mvua na moshi wa magari, ukingo unalika na mashimo yanajaa masizi.

Halafu anakuja mkandarasi anayejaza viungo kwa saruji ngumu. Viungo vya zamani vilikuwa vimeingia ndani kidogo, chini ya uso wa jiwe, na hapo ndipo kivuli kilipokaa. Saruji ya siku hizi inasawazishwa na uso wa jiwe, mara nyingine inalipanda kabisa, na rangi yake ni ile ile ya kijivu. Unategemea nini kionekane hapo? Kipande House ilijengwa 1931, hebu fikiria ni mikono mingapi imepita.

#6 Mtunza Kumbukumbu

Heshima kwako, fundi, lakini umegeuza tarakimu. Kipande House ni ya 1913, na msanifu wake alikuwa Gurdit Singh Nayar. Mwaka wa 1931 ni wa kufunguliwa kwa maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo na simba wawili mlangoni, ambayo kwa miaka mingi iliwahudumia Wazungu peke yao. Nairobi Gallery pia ni ya 1913. Jina la Kipande lilikuja baadaye, jengo lilipotumiwa kuwaandikisha wanaume Waafrika na kuwapa vipande, yaani vitambulisho vya lazima, chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande chenyewe kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Nayataja haya kwa sababu anayepiga picha ya mlango ule anapaswa kujua ni watu gani waliopanga foleni pale.

Sasa nirudi kwenye swali. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa na wapiga picha wengi mwanzoni mwa karne ya 20 hayakuona nyekundu kabisa. Yaliona buluu na kijani. Ndiyo maana katika picha za Nairobi ya wakati ule anga karibu daima ni nyeupe tupu, na paa la vigae vya Mangalore, ambalo kwa macho ni jekundu, linatoka karibu jeusi. Ushauri wa #2 ni kinyume kabisa cha picha ambazo mleta uzi anazitamani. Anga nyeusi juu ya jengo la 1913 ni mtindo wa baadaye, wa filamu iliyoona rangi zote ikisaidiwa na kichujio chekundu. Ukitaka sura ya zamani, chukua chaneli ya buluu na kijani kidogo, uitupe nyekundu.

#7 Msafisha Picha

Nimekubali kuhusu anga, mzee. Hata hivyo mleta uzi hakusema anataka kughushi picha ya 1913. Alisema anataka jiwe lionekane.

#8 Binti wa Studio

Habari zenu. Marehemu baba alikuwa na studio ndogo ya picha Ngara, na mimi nilikulia katika chumba chake cha giza, kwa hiyo naweza kuongeza ushahidi kwa #6. Karatasi ya kusafishia picha nayo haikuona nyekundu, ndiyo maana tulifanya kazi chini ya taa nyekundu bila kuharibu kitu. Nilikuwa nikivaa sweta jekundu la shule, na chini ya taa ile lilionekana jeupe. Baba alikuwa akicheka akisema kwamba karatasi haijui kama sweta hilo lipo.

Lakini nadhani nyote mmekisahau kitu kikubwa zaidi, nacho ni mkono. Hakuna picha ya jengo iliyotoka studioni kwetu jinsi negativu ilivyokuwa. Baba alikuwa na waya mwembamba wenye kipande cha kadibodi nchani, kiasi cha shilingi ya zamani. Wakati mwanga unashuka kwenye karatasi alikuwa akikichezesha kile kipande juu ya sehemu aliyotaka iwe nyepesi, bila kukituliza hata kidogo, maana kikitulia kinaacha alama. Kisha alikunja ngumi akaacha tundu dogo katikati ya vidole, akapitisha mwanga wa ziada mahali alipotaka giza. Ukuta mmoja uliweza kumchukua karatasi tano, na nne zikaenda kwenye ndoo.

Kwenye darktable kazi hiyo ni ya barakoa na brashi. Usihariri ukuta wote kwa pamoja. Chukua kona, tia giza kwenye viungo, inua uso wa jiwe kidogo, sogea. Ni kazi ya usiku mzima, lakini jiwe litatoka.

#9 Mwalimu wa Fizikia

Dada, hiyo ni sanaa na ninaiheshimu, ila mleta uzi aliuliza kwa nini. Ukichora kivuli kwa brashi mahali ambapo hakikuwepo, umepata mchoro mzuri wa ukuta.

#10 Binti wa Studio

Mwalimu, kivuli kilikuwepo. Kamera ndiyo iliyokiona kwa uchache.

#11 Dira na Kivuli

Naomba niingie hapa, maana nimengoja mtu ataje jua na bado halijatajwa. Mleta uzi anasema anapiga picha Jumapili asubuhi. Kila mtu amefundishwa kwamba mwanga wa asubuhi na wa jioni ndio mzuri, na kwa nyuso za watu ni kweli. Kwa ukuta wa mawe inategemea ukuta unatazama wapi. Ukuta unaotazama mashariki, saa moja na nusu asubuhi, unapigwa na jua usoni moja kwa moja, na mwanga wa usoni hufuta vivuli vyote. Ukuta huo unahitaji jua lililopanda, linalouteremkia kutoka juu kama kiganja kinachopapasa kitambaa, ili kila kijishimo kitupe kivuli chake chini.

Hapa tuko kwenye nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita unusu liko karibu kabisa utosini. Mwishoni mwa Juni limehamia kaskazini kwa nyuzi kama 25, na mwishoni mwa Desemba limehamia kusini kwa nyuzi kama 22. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hupata jua la adhuhuri kuanzia Oktoba hadi Februari, na ule wa kaskazini kuanzia Aprili hadi Agosti. Sentimita tatu za jiwe lililochomoza, katika adhuhuri ya Juni, zinatupa kivuli cha zaidi ya sentimita sita kwenye ukuta wa kaskazini. Mchana ule ambao wapiga picha wote wamekwenda kula ndio wakati wa ukuta.

Bahati mbaya ya kuta za kaskazini ni kwamba zamu yao inaangukia mvua za masika, kisha baridi na mawingu ya Julai. Zinakaa zikingojea siku chache za jua kama mtu anayengojea cheti cha kuzaliwa.

#12 Mtunza Kumbukumbu

Nanukuu: "kama mtu anayengojea cheti cha kuzaliwa." Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo ndivyo vilivyokuwa vikitolewa katika jengo la Nairobi Gallery, hata Waingereza wakalipa jina la utani kwa sababu hiyo. Umelenga bila kukusudia.

#13 Simu Tu

Wakubwa, mimi nina simu na programu ya Snapseed. Ina vichujio vya rangi vya nyeusi na nyeupe, na mtu anachagua kwa kidole. Je, nami nina haki ya kuingia kwenye uzi huu, au ningoje nipate bamba la kioo?

#14 Msafisha Picha

Ingia, ndugu. Kichujio cha rangi ya chungwa kitakutosha kwa mambo mengi. Chekundu kwenye simu huleta chengachenga, hasa angani.

#15 Mwalimu wa Fizikia

Baada ya kumsoma #11 inanibidi nijisahihishe. Nilisema jiwe la kijivu halibadiliki katika chaneli yoyote, na hilo ni kweli kwa jiwe lililo juani. Lakini kivuli si cha kijivu. Ndani ya kivuli jua halifiki, na kinachokimulika ni anga, nayo ni ya buluu. Kwa hiyo katika siku ya jua kali na anga safi, kila kivuli kilicho kwenye kiungo cha jiwe kina ubuluu ndani yake. Ukitumia chaneli nyekundu, kivuli hicho kinazama zaidi ya kinavyoonekana kwa macho, na jiwe linachomoza. Ukitumia chaneli ya buluu, kivuli kinapauka.

Maana yake ni kwamba #2 alikuwa sahihi kwa sababu ambayo hakuitaja, na kwamba haikumfaa mleta uzi kwa sababu picha yake ilipigwa jua likiwa limefichwa na wingu. Mawingu yanaleta mwanga mmoja wa kijivu kutoka pande zote, kivuli hakipo, na kama kipo hakina buluu.

Hapo linazuka tatizo jipya. Kama mabamba ya zamani yaliona buluu zaidi, kama anavyosema #6, basi vivuli vyake vilipaswa kupauka na jiwe lilipaswa kuwa uji kuliko la mleta uzi. Mbona haikuwa hivyo?

#16 Mtunza Kumbukumbu

Kwa sababu ya ukubwa wa bamba. Bamba la nusu, kama lilivyoitwa, lilikuwa na takriban sentimita 12 kwa 16 na nusu, na mara nyingi karatasi ililazwa juu ya bamba lenyewe ikapigwa mwanga bila kukuzwa hata kidogo. Picha haikupoteza chochote njiani. Kihisi cha kamera nyingi za leo ni kidogo kuliko stempu ya posta, halafu tunakivuta mpaka kijaze skrini.

Sababu ya pili ni madoa. Jiwe la kale si la kijivu safi kama mwalimu anavyolichukulia. Lina kutu ya madini, ukungu, na michirizi ya kahawia chini ya madirisha. Vitu vya kahawia na vya manjano vinameza buluu, kwa hiyo katika bamba lisiloona nyekundu vinatoka vyeusi. Jiwe moja linatofautiana na jirani yake kwa madoa, si kwa kivuli.

#17 Fundi wa Mawe

Mzee, mimi nilisema picha zile zilipigwa jiwe likiwa jipya, na hilo hujalikanusha. Jiwe jipya lingepata wapi madoa? Hizi hoja mbili haziwezi kulala kitanda kimoja.

#18 Mtunza Kumbukumbu

Inategemea picha ilipigwa mwaka gani, fundi. Nyingine zina madoa tele.

#19 Mpita Njia wa Pangani

Nina wazo ambalo sijaliona hapa. Siku zile barabara hazikuwa na lami. Mbele ya majengo hayo palikuwa na vumbi jekundu la murram lililorudisha mwanga juu, likamulika sehemu za chini za paa na matao ambayo leo yamo gizani. Lami nyeusi inameza mwanga huo. Halafu pande zote sasa kuna maghorofa ya vioo yanayorusha mwanga kutoka kusikotarajiwa na kuvuruga vivuli.

#20 Mwalimu wa Fizikia

Wazo la kuakisi ni zuri, lakini vumbi jekundu mbele ya bamba lisiloona nyekundu ni sawa na lami. Mwanga ambao lingeurudisha ukutani ungekuwa mwekundu, na bamba lisingeuona.

#21 Fundi wa Mawe

Tena udongo wenyewe si mwekundu kila mahali. Kuelekea stesheni ya reli na uwanda wa mashariki ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika kiatu wakati wa mvua. Mwekundu unauanza ukipanda vilima vya magharibi. Ukichimba msingi katika jiji hili utajua hivyo kabla ya saa nne asubuhi.

#22 Mpita Njia wa Pangani

Nimesalimu amri kuhusu vumbi. Maghorofa ya vioo bado nayashikilia.

#23 Jicho la Kaloleni

Ndugu zangu, sikutegemea darasa hili. Nina swali dogo la pembeni. Nikilinyooshea jengo lenzi kuelekea juu, nguzo zinaegemeana kama walevi. Nikizinyoosha kwa programu, mawe ya juu yanalegea na kupoteza makali. Je, huenda sehemu ya ule uji inatoka hapo?

#24 Msafisha Picha

Ndiyo, kwa kiasi fulani. Programu inavuta sehemu ya juu ya picha ili nguzo zisimame wima, na pikseli mia zinalazimishwa kufanya kazi ya pikseli mia na arobaini, kutegemea umeinua kamera kiasi gani. Kamera za mabamba zilikuwa na ubao wa lenzi unaopanda wenyewe huku mgongo wa kamera ukibaki wima, kwa hiyo nguzo hazikuinama tangu mwanzo na hapakuwa na cha kunyoosha. Ukishindwa na bei ya lenzi za kisasa za namna hiyo, rudi nyuma uvuke barabara, piga kutoka huko mbali, kamera ikiwa wima, kisha kata sehemu ya chini yenye lami.

#25 Binti wa Studio

Nimeifungua tena faili ya rangi na kuilinganisha na ile isiyo na rangi. Katika ile ya rangi kuna kijana anayepiga viatu rangi, ameketi karibu na ukuta, na katika ile nyingine hayupo. Umemfuta, ndugu?

#26 Jicho la Kaloleni

Nilimfuta, dada, pamoja na nyaya mbili na bango la mkopo. Nilitaka jengo peke yake.

#27 Binti wa Studio

Nyaya sina neno nazo. Lakini yule kijana ndiye aliyekuwa akituonyesha ukubwa wa jiwe. Kichwa chake kilifikia mstari wa tatu wa mawe. Umemwondoa, na sasa ukuta ule ungeweza kuwa wa kasri au wa kibanda. Zaidi ya hayo, mahali alipokaa umepajaza kwa mawe uliyonakili kutoka upande wa kushoto, na fundi akitazama ataliona jiwe lile lile mara mbili.

#28 Fundi wa Mawe

Nimeliona. Lina kovu kwenye kona ya chini. Lipo mara tatu, si mbili.

#29 Dira na Kivuli

Kama ni lazima watu waondoke, tumia tripodi na kichujio cha giza, uache lenzi wazi kwa sekunde 30. Wanaotembea wanajifuta wenyewe na wanaoketi wanabaki, na huna haja ya kunakili kitu. Mabamba ya zamani yalichukua muda kushika mwanga, kwa hiyo hata baadhi ya barabara tunazodhani zilikuwa tupu huenda zilikuwa na watu waliokataa kusimama.

#30 Simu Tu

Tripodi mjini? Mimi nilisimamisha kijitripodi cha simu mbele ya jengo moja ambalo sitalitaja, na kabla sijahesabu hadi kumi askari wa mlangoni alikuwa amekuja kuniuliza barua yangu ya ruhusa iko wapi. Nilimweleza kwamba nangoja watu wapite. Akaniambia kwamba nikiendelea kungoja, nitapita mimi.

#31 Msafisha Picha

Hicho ndicho kichujio chenye nguvu kuliko vyote. Kinamfuta mpiga picha.

#32 Jicho la Kaloleni

Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Nilimtii #11: nilichukua dira, nikakuta ukuta mmoja unaonifaa, nikaomba ruhusa ya saa moja kazini na kwenda adhuhuri. Anga ilikuwa safi. Nilipiga kwa faili ghafi, kutoka ng'ambo ya barabara, na mpiga viatu amebaki mahali pake baada ya kuzungumza naye. Amesema nimpelekee nakala moja.

Nimetengeneza picha mbili kutoka faili ile ile moja. Ya kwanza ni ya chaneli nyekundu, na kweli viungo vimezama na jiwe limechomoza kama alivyosema mwalimu. Ya pili ni ya buluu na kijani, anga nyeupe, vivuli vyepesi, lakini michirizi ya madoa imejitokeza kiasi kwamba kila jiwe lina sura yake. Mke wangu anapenda ya kwanza. Mimi sijui. Tazameni pia lile bato jeupe chini ya dirisha la pili, ambalo katika ya nyekundu halipo kabisa na katika ya buluu linang'aa.

#33 Mwalimu wa Fizikia

Ya kwanza. Hoja imethibitika.

#34 Mtunza Kumbukumbu

Ya pili, na bila shaka yoyote. Ya kwanza inaonyesha hali ya hewa ya adhuhuri moja. Ya pili inaonyesha zaidi ya miaka 100 ya mvua.

#35 Binti wa Studio

Zote mbili ziko tayari kuanza kazi. Sasa chukua brashi.

#36 Fundi wa Mawe

Lile bato ni chumvi. Mtu amejaza saruji ngumu, unyevu umekosa njia kwenye viungo na kutokea kwenye jiwe, ukakauka na kuiacha chumvi juu. Baada ya miaka michache uso wa jiwe hilo utabanduka.

#37 Mpita Njia wa Pangani

Naona kama mabaki ya gundi ya bango.

#38 Simu Tu

Pale juu njiwa wanalala. Nimemaliza.

#39 Fundi wa Mawe

Njiwa hawaachi umbo la mraba, kijana. Alhamisi nina kazi karibu na pale. Nitapita na ndoo ya maji na kitambaa. Ikilainika kwa maji ni gundi, ikirudi baada ya kukauka ni chumvi. Mleta uzi, nitumie nakala kubwa ya ile ya buluu, nijue ni jiwe la ngapi kutoka konani.

#40 Jicho la Kaloleni

La saba, mstari wa nne kutoka chini. Ukimkuta mpiga viatu, mwambie nakala yake iko njiani. Amechagua ya nyekundu.